Namna ya Kuchunguza Kapilari za Shina la Ukucha kwa Mgonjwa Anayeshukiwa Kuwa na Dematomayositisi

Dematomayositisi ni ugonjwa adimu unaotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe, na ingawa huhesabiwa miongoni mwa magonjwa ya misuli, sehemu kubwa ya madhara yake hupitia kwenye mishipa midogo ya damu. Mgonjwa hufika akilalamika kwamba mikono haipandi hadi kichwani anapotaka kuchana nywele, au kwamba kuinuka kutoka kitini kumekuwa kazi, na mara nyingi ngozi ya usoni na ya vidoleni imebadilika rangi kabla misuli haijalegea. Mwongozo huu unamlenga daktari, tabibu au muuguzi anayetaka kutumia uchunguzi wa kapilari (mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote) za shina la ukucha, unaoitwa kapilaroskopi, kama sehemu ya kuutafuta ugonjwa huo. Mgonjwa anayetarajia kufanyiwa uchunguzi huu naye anaweza kuusoma ili ajue atakachofanyiwa na sababu yake. Hakuna sindano wala maumivu, na picha huonekana papo hapo. Ugumu uko kwenye maandalizi na kwenye usomaji wa picha, na huko ndiko makosa mengi yanakotokea.

Kwa nini ukucha uchunguzwe kwa ajili ya misuli

Katika sehemu kubwa ya ngozi, kapilari husimama wima kuelekea juu, hivyo anayetazama kwa hadubini huona vilele vyake tu, vidogo kama nukta. Kwenye ngozi inayopakana na shina la ukucha, kapilari za mstari wa mwisho hulala sambamba na uso wa ngozi, na kitanzi kizima huonekana kwa urefu wake: upande wa ateri unaoleta damu, kilele kinapojipinda, na upande wa vena unaoirudisha, ambao kwa kawaida ni mnene kidogo kuliko ule wa kwanza. Ni mahali pachache mwilini ambapo mishipa ya ukubwa huo inaweza kutazamwa ikiwa hai, damu ikipita ndani yake, bila kukata chochote. Marcello Malpighi aliziona kapilari katika mapafu ya chura mwaka 1661, lakini kuzitazama kwa binadamu aliye hai kulianza kuwa jambo la kliniki mwanzoni mwa karne ya 20, ilipobainika kwamba tone la mafuta juu ya ngozi ya ukucha linatosha kuifanya ngozi ipitishe mwanga. Mwaka 1973 Hildegard Maricq na E. Carwile LeRoy walieleza mpangilio wa kapilari unaojirudia kwa wagonjwa wa skleroderma, ugonjwa wa kinga unaoikaza na kuifanya ngumu ngozi, na hatimaye ikaonekana kwamba mpangilio unaofanana sana na huo huwapata pia wagonjwa wengi wa dematomayositisi.

Uhusiano na misuli si wa kubahatisha. Kinyama, yaani kipande kidogo cha misuli, ya mgonjwa wa dematomayositisi kinapochunguzwa maabara, kapilari zinazozunguka nyuzi za misuli huonekana zimepungua, na katika kuta zake hukutwa mkusanyiko wa protini za kinga ziitwazo komplementi, uitwao C5b-9, ambao hutoboa utando wa seli. Jambo hilo liliripotiwa mwaka 1986 kwa watoto wenye ugonjwa huu. Nyuzi zilizo pembezoni mwa kila fungu la misuli ndizo hunyauka zaidi, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba upungufu wa damu pamoja na athari za interferoni za aina ya kwanza (protini za kinga zinazotumwa kati ya seli) vinachangia hali hiyo. Kwa hiyo unapoona kapilari za ukucha zimetanuka, zimevuja na zimepotea, una sababu nzuri ya kushuku kwamba mishipa ya aina hiyohiyo imeguswa mahali usipoweza kupaona kwa macho.

Nani afanyiwe uchunguzi huu

Mfanyie mtu mwenye udhaifu wa misuli iliyo karibu na kiwiliwili, yaani mabega, mapaja na nyonga, uliokuja taratibu kwa wiki au miezi na unaozipata pande zote mbili za mwili. Mfanyie pia mwenye upele wa rangi ya zambarau kwenye kope za juu, au vijivimbe bapa na mabaka juu ya viungo vya vidole, viwiko na magoti, hata kama misuli yake bado ina nguvu, kwa sababu wapo wagonjwa ambao ugonjwa hukaa kwenye ngozi tu kwa muda mrefu, na kipimo cha kreatini kinasi, kimeng'enya kinachoingia kwenye damu misuli inapoharibika, hubaki cha kawaida. Kwa ngozi nyeusi wekundu ulioelezwa vitabuni mara nyingi hauonekani kama wekundu. Huonekana kama zambarau iliyokolea, kijivu, au weusi uliozidi, na ndiyo sababu upele wa aina hiyo husingiziwa mzio au ukurutu kwa muda mrefu. Hapo kapilari za ukucha husaidia kuliko kawaida.

Wengine wanaostahili ni mtu mzima ambaye vidole vyake vimeanza kubadilika rangi kwa baridi, vikiwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu, pamoja na udhaifu wa misuli, na vilevile mtu mwenye kikohozi kikavu na upungufu wa pumzi usioelezeka akiwa na mabadiliko ya ngozi ya vidole. Kabla hata ya kuchukua kifaa, tazama mashina ya kucha kwa macho matupu kwenye mwanga mzuri. Kijingozi kinachofunika shina la ukucha kikiwa kimerefuka, kimechakaa, na kina mistari midogo myeusi au ya kahawia, umekwisha kupata dalili ya kwanza.

Maandalizi ya mgonjwa

Mpe mgonjwa maelekezo siku anapopangiwa miadi, si siku ya uchunguzi. Mwambie asikate wala kusukuma kijingozi cha ukucha kwa wiki tatu au nne kabla ya kuja, kwa sababu jeraha dogo la kutengeneza kucha huacha vidoa vya damu na vitanzi vilivyopinda ambavyo haviwezi kutofautishwa kwa urahisi na vya ugonjwa. Rangi ya kucha, hina na kucha za bandia viondolewe mapema. Tabia ya kung'ata kucha au kuchuna ngozi iulizwe waziwazi bila kumwaibisha mtu, na kidole kinachong'atwa kiachwe nje ya hesabu. Saa chache kabla ya uchunguzi asivute sigara wala asinywe kinywaji chenye kafeini.

Akifika, akae ametulia kwa dakika 15 hadi 20 katika chumba chenye joto la kadiri, kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi. Watu wengi huiruka hatua hii wakiona ni ya kupoteza muda, kumbe kapilari zilizosinyaa kwa baridi huweza kukufanya uhesabu vitanzi pungufu na kuandika ugonjwa usiokuwepo. Mikono ikiwa ya baridi inapoguswa, subiri zaidi. Uliza pia kuhusu kisukari, shinikizo la damu, kazi za mikono zenye mashine za kutetema, majeraha ya zamani na dawa anazotumia, kwa kuwa kila moja ya hizo inaweza kubadilisha mwonekano wa kapilari bila kuhusiana na misuli.

Kifaa

Chombo kinachotegemewa zaidi ni hadubini ya video inayokuza mara 200, ambayo huunganishwa na kompyuta na kuwa na programu ya kupimia upana wa mishipa. Pale ambapo chombo hicho hakipo, dematoskopu ya mkononi inayokuza mara 10, ile ile inayotumiwa na madaktari wa ngozi kutazama mabaka, inatosha kuona mambo makubwa: kapilari zilizotanuka kupita kiasi, vidoa vya damu, na maeneo yasiyo na mishipa. Haitakupa vipimo vya mikromita (sehemu moja ya elfu ya milimita), wala haitakuonyesha vizuri mitanuko midogo, lakini jibu la dematoskopu lililo chanya wazi lina uzito. Picha ikionekana ya kawaida kwa dematoskopu huku shaka yako ikibaki kubwa, mpeleke mgonjwa kwenye hadubini ya video. Ofthalmoskopu, inayotumiwa kutazama ndani ya jicho, nayo imewahi kutumika kwa kazi hii ikiwekwa lenzi yake yenye nguvu kubwa. Ni afadhali kuliko kutotazama kabisa.

Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi sana, rangi ya ngozi hufunika vitanzi. Mwanga wa kijani husaidia kwa kuwa himoglobini huufyonza na kuufanya mshipa uonekane mweusi dhidi ya ngozi inayouzunguka, na mwanga uliochujwa kwa polaraizi hupunguza mng'ao unaorudi kutoka kwenye uso wa ngozi. Ukiongeza mwanga tu bila kubadilisha aina yake, mng'ao ndio utakaoongezeka.

Kuchukua picha

Mketishe mgonjwa, mkono wake ukiwa mezani kwa usawa wa moyo, kiganja kikitazama chini na vidole vikiwa vimelegea. Safisha ngozi ya shina la ukucha, kisha weka tone la mafuta ya hadubini au jeli ya altrasaundi. Hakikisha hakuna viputo vya hewa ndani ya tone, kwani kiputo huakisi mwanga na kuacha duara jeupe katikati ya eneo unalolihitaji. Nyuzi za nguo na vumbi lililokwama chini ya kijingozi navyo huonekana vyeusi na hufanana na damu iliyovuja. Futa, weka tone jipya, utazame tena.

Chunguza vidole vinane, ukiacha vidole gumba. Kidole cha pete na kidole cha mwisho ndivyo hutoa picha safi zaidi, hasa kwenye mkono usiotumika sana, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na haijachakazwa na kazi. Hata hivyo usiishie hapo. Katika dematomayositisi madhara hayagawanyiki sawasawa, na kidole kimoja kinaweza kuwa cha kawaida huku jirani yake akiwa na kapilari kubwa mno tatu mfululizo.

Gusa ngozi kwa lenzi kwa wepesi iwezekanavyo. Ukikandamiza, damu hukimbia kutoka kwenye vitanzi, navyo hufifia au hutoweka kabisa kwenye picha. Ukiona eneo tupu, inua lenzi kidogo, subiri damu irudi, utazame tena kabla ya kuamini ulichokiona. Kwa kila kidole chukua picha nne zinazofuatana, kila moja ikifunika takriban milimita moja ya mstari wa mwisho wa kapilari, na kama muda hautoshi chukua angalau mbili za katikati. Andika jina la kidole na mahali pa picha wakati huohuo. Picha 32 zisizo na majina hazina faida kwa mtu atakayezifungua mwaka unaofuata.

Kuisoma picha

Anza na picha nzima kabla ya kuingia kwenye vipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya utaona vitanzi vimepangana kama meno ya kitana, vyembamba, vya urefu unaokaribiana, kila kimoja na umbo la herufi U iliyogeuzwa. Wapo watu wenye afya ambao vitanzi vyao vimejipinda kidogo au vimekatiza mara moja au mbili, na hilo peke yake si ugonjwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu anayeanza kujifunza huwa na hamu ya kuona kasoro, na vitanzi vilivyojipinda ndivyo humponza kwanza.

Baada ya hapo hesabu msongamano. Chora au kadiria mstari wa milimita moja na uhesabu vitanzi vya safu ya mwisho tu, ile iliyo karibu zaidi na ukucha. Saba au zaidi kwa milimita ni kawaida kwa mtu mzima. Swali linaloleta ubishi ni kitanzi kilicho nyuma kidogo ya wenzake: je, ni cha safu ya mwisho au cha safu ya pili? Njia inayosaidia ni kuvuta mistari miwili ya kufikirika kutoka kwenye kilele chake kwenda kwenye vilele vya majirani wake wa kulia na kushoto. Pembe inayotokea ikizidi nyuzi 90 kihesabu, na ikiwa ndogo kuliko hapo kiache. Mahali ambapo vitanzi vimepotea kwa upana wa takriban nusu milimita au zaidi paitwe eneo tupu, na pawekewe alama yake.

Pima upana wa kila kitanzi kwenye kilele chake. Chini ya mikromita 20 ni kawaida. Kati ya 20 na 50 kapilari imetanuka, na mtanuko wa kiasi hicho huonekana pia kwa watu wenye kisukari, kwa watu wanaosumbuliwa na baridi ya vidole bila ugonjwa mwingine, na hata kwa wachache wasio na tatizo lolote. Zaidi ya mikromita 50, upana ukiwa umeongezeka kwa namna inayolingana pande zote za kitanzi, hiyo ni kapilari kubwa mno, na hapo mazungumzo yanabadilika: hata moja tu iliyo dhahiri haipaswi kupuuzwa. Kwa ukuzaji wa mara 200 utaiona damu ndani yake ikienda polepole, wakati mwingine ikisimama kisha ikasogea tena kwa mafungu, ilhali kwenye kitanzi chembamba cha jirani inapita bila kukatika.

Kisha tazama umbo. Kapilari zilizopoteza umbo la U na kutoa matawi, moja ikigawanyika kuwa mbili, tatu au kichaka kizima cha vitanzi vidogo vilivyotoka kwenye shina moja, zinaonyesha kwamba mwili umejaribu kujenga mishipa mipya kufidia iliyopotea. Katika dematomayositisi matawi haya ni ya kawaida sana, na aghalabu hukaa bega kwa bega na kapilari kubwa mno katika picha hiyohiyo. Mchanganyiko huo wa utanuzi mkubwa, matawi na maeneo tupu katika eneo dogo ndio unaopaswa kukushtua.

Mwisho, tafuta damu iliyovuja. Kidoa kilicho karibu kabisa na kilele cha kitanzi ni kipya. Kilichosogea kuelekea ukucha ni cha zamani zaidi, kwa sababu ngozi na kijingozi vinapokua hukibeba mbele. Ukucha wa mkono hukua kwa takriban milimita 3 kwa mwezi, na kwa hiyo vidoa vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine mbele ya kitanzi kilekile vinakueleza kwamba mshipa huo umevuja mara kadhaa katika wiki zilizopita. Kidoa kimoja kwenye kidole kimoja cha mtu anayefanya kazi za mikono ni jeraha mpaka ithibitike vinginevyo. Vidoa vingi kwenye vidole vingi, pembeni ya kapilari kubwa mno, havielezwi na nyundo.

Ukihitaji uamuzi wa haraka, tumia kanuni iliyochapishwa mwaka 2019 kwa ajili ya wasomaji wa viwango vyote. Ikiwa msongamano ni vitanzi saba au zaidi na hakuna kapilari kubwa mno hata moja, picha si ya aina ya skleroderma. Ikiwa kuna kapilari kubwa mno, au msongamano umeshuka hadi vitatu au chini pamoja na maumbo yasiyo ya kawaida, picha ni ya aina ya skleroderma. Isiyoangukia kwenye masharti hayo mawili huwekwa kwenye kundi la kwanza.

Picha ya aina ya skleroderma haina maana ya skleroderma peke yake

Jina hilo limewachanganya wengi. Mpangilio wa aina ya skleroderma huonekana kwa wagonjwa wengi wa skleroderma yenyewe, kwa wagonjwa wengi wa dematomayositisi, na kwa baadhi ya wenye magonjwa mchanganyiko ya tishu unganishi, hasa wenye kingamwili dhidi ya U1-RNP. Picha peke yake haiwezi kukuambia ni upi kati yao. Wingi wa matawi hunifanya niegemee upande wa dematomayositisi, lakini ningekuwa na wasiwasi na mtu anayetoa uamuzi kwa matawi hayo tu.

Kinachotenganisha ni mwili wa mgonjwa. Ngozi ya vidole iliyokaza na kuwa ngumu, isiyoweza kubanwa na kuinuliwa, inaelekeza kwenye skleroderma. Vijivimbe juu ya viungo vya vidole na zambarau ya kope vinaelekeza kwenye dematomayositisi. Vigezo vya uainishaji wa skleroderma vya mwaka 2013 vinaipa picha ya kapilari isiyo ya kawaida alama 2 kati ya 9 zinazohitajika, ilhali vigezo vya mwaka 2017 vya magonjwa ya uvimbe wa misuli havikuijumuisha kabisa. Usiichukulie tofauti hiyo kama ruhusa ya kuuacha uchunguzi. Ichukulie kama ukumbusho kwamba katika ugonjwa wa misuli picha hii ni ushahidi wa nyongeza.

Kwa magonjwa mengine ya misuli manufaa yake yako upande wa pili. Mgonjwa wa zaidi ya miaka 50 ambaye magoti yanamlegea na vidole vyake vinashindwa kukunja ngumi, huku kapilari zake zikiwa za kawaida, huenda ana mayositisi ya chembe jumuishi, aina nyingine ya uvimbe wa misuli. Udhaifu unaoletwa na upungufu wa homoni za tezi ya shingo au na dawa za kupunguza kolesteroli hautarajiwi kuleta kapilari kubwa mno, matawi na maeneo tupu. Wagonjwa wa uvimbe wa misuli wenye kingamwili dhidi ya Jo-1 au nyingine za kundi lake wako katikati: baadhi yao wana picha ya aina ya skleroderma, wengi hawana. Na yupo mgonjwa wa dematomayositisi halisi ambaye kapilari zake ni za kawaida, kwa hiyo jibu la kawaida lisikufanye ufunge faili.

Watoto

Dematomayositisi ya utotoni inafanana na ya watu wazima kwenye ukucha, ila usomaji unahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto mdogo mwenye afya ana vitanzi vichache kwa milimita kuliko mtu mzima, navyo hujipinda zaidi, hivyo kipimo cha saba kisitumike kwake kama sheria. Ya pili ni kwamba mtoto hatulii. Apakatwe na mzazi wake, anza na kidole cha pete, na uridhike na picha chache zilizo safi. Kupotea kwa vitanzi vya safu ya mwisho kwa mtoto kumehusishwa na ugonjwa uliokaa muda mrefu bila matibabu pamoja na ukali wa upele wake, na ni mojawapo ya sababu za kutosubiri mpaka mtoto ashindwe kupanda ngazi ndipo achunguzwe.

Kuandika ripoti

Ripoti inayosema tu "kapilari si za kawaida" haimsaidii daktari aliyemtuma mgonjwa. Andika kifaa na ukuzaji wake, joto la chumba, vidole vilivyosomeka na visivyosomeka pamoja na sababu, kisha mambo manne kwa mpangilio: msongamano, upana, umbo, na damu iliyovuja. Mfano wa maelezo ya kidole kimoja unaweza kuwa hivi: "Kidole cha pete, mkono wa kushoto: wastani wa vitanzi 4 kwa milimita, kapilari kubwa mno 2, pana zaidi ikiwa mikromita 72, vitanzi vyenye matawi 3, eneo tupu 1 upande wa nje, vidoa vya damu 2, kimoja kipya." Baada ya vidole vyote ndipo hitimisho lije, kwa maneno yasiyozidi ushahidi: picha ya aina ya skleroderma, inayoafikiana na dematomayositisi endapo dalili za ngozi na misuli zipo.

Hatua zinazofuata

Mgonjwa mwenye picha ya aina ya skleroderma pamoja na udhaifu wa misuli au upele unaoelekeza apimwe kreatini kinasi, aldolasi na vimeng'enya vingine vya misuli, na apimwe kingamwili mahususi za mayositisi. Kingamwili hizo zina uzito kwa maamuzi yanayofuata. Mwenye kingamwili dhidi ya MDA5 anaweza kupata ugonjwa wa mapafu unaokwenda kasi, kwa hiyo mapafu yake yachunguzwe mara moja kwa vipimo vya pumzi na picha za CT hata kama misuli yake ina nguvu. Mtu mzima mwenye kingamwili dhidi ya TIF1-gamma au NXP2 atafutiwe saratani kwa umakini, kwa kuwa dematomayositisi ya watu wazima huambatana na saratani mara nyingi kuliko inavyotarajiwa, hasa katika miaka michache inayokaribiana na kuanza kwake. Mgonjwa asiye na kingamwili yoyote inayojulikana bado anaweza kuwa na ugonjwa huu.

Picha za MRI za mapaja huonyesha misuli iliyovimba na kumsaidia mpasuaji kuchagua mahali pa kuchukua kinyama. Kinyama hicho kichukuliwe mapema iwezekanavyo, na fomu ya maabara ieleze wazi kwamba kapilari za ukucha si za kawaida, ili mtaalamu wa tishu asiishie kutafuta seli za uvimbe bali ahesabu pia kapilari za misuli, atafute C5b-9 katika kuta zake, aangalie mnyauko wa nyuzi za pembezoni na apake rangi ya protini ya MxA, ambayo huonyesha athari ya interferoni. Upele ukiwa wa wazi na kingamwili zimepatikana, madaktari wengi huona kinyama cha misuli si lazima, nami nakubaliana nao.

Kurudia uchunguzi

Tofauti na skleroderma, ambamo kapilari zilizopotea hurudi kwa shida, katika dematomayositisi picha inaweza kuwa bora kwa kiasi kikubwa baada ya matibabu: kapilari kubwa mno hupungua, damu huacha kuvuja, na vitanzi huanza kujaza maeneo yaliyokuwa tupu. Mabadiliko hayo huchukua miezi, kwa hiyo kurudia kila wiki mbili ni kujichosha. Miezi mitatu hadi sita ni muda unaofaa, kwa kifaa kilekile, vidole vilevile na sehemu zilezile, picha za zamani zikiwa zimefunguliwa pembeni. Mwonekano wa kapilari hufuatana na hali ya ngozi kwa ukaribu kuliko unavyofuatana na nguvu za misuli, na usishangae upele ukitulia pamoja na kapilari huku mapaja yakiendelea kuwa dhaifu. Ikitokea hivyo, na kreatini kinasi ni ya kawaida, steroidi anazomeza mgonjwa ziwekwe miongoni mwa zinazoshukiwa, maana zinapotumika kwa muda mrefu hudhoofisha misuli hiyohiyo ya mapaja na mabega, na kumwongezea dozi wakati huo kutamzidishia udhaifu.